Wakesho na Ngoma Zisizo na Ngozi

Siku ya kwanza nilipoingia kwa Wakesho, pale Mwakingali mjini Voi, nilidhani kuna mtu anapigilia paa. Du! Kimya. Du! Kimya. Du! Nikasimama mlangoni na kasha langu la miwani, nikatazama juu. Paa lilikuwa salama. Ndani nikamwona mwanamke wa miaka thelathini na kitu ameinamia kompyuta, kidole kimoja kiko juu ya kitufe, uso ameukunja kama mtu anayetoa mwiba.

"Karibu Babu. Kaa, lakini usiongee."

Nikakaa. Mimi huzunguka nikiuza miwani ya kusomea, leo Voi, kesho Mwatate, wiki nyingine Taveta, na nimezoea kuambiwa ningoje. Akabonyeza tena, pole pole, halafu kwa nguvu, halafu haraka haraka kama mvua inayoanza kwenye mabati. Mwishowe akageuka.

"Sasa niambie ukweli. Umesikia mtu anapiga ngoma, ama umesikia mashine?"

"Mwanangu, mimi sioni ngoma hapa."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Donald akiulizwa anaziona hata zikiwa hazipo."

Donald alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda pembeni. Ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na Jumapili ndiye mpiga ngoma wa kwaya ya Wusi, kule milimani. Akacheka akasema, "Mzee, hapa tunanunua ng'ombe kwa kusikia mlio tu. Miguu hatuoni, meno hatuoni."

Nikaeleweshwa. Kuna programu za kompyuta zenye ngoma ndani yake. Mtu fulani, nchi ya mbali, aliingia chumba kizuri akapiga ngoma za kweli, kwa upole, kwa wastani, kwa hasira, na kila mlio ukanaswa. Wakesho akibonyeza hapa Voi, ule mlio wa kule mbali unatoka. Hakuna ngozi, hakuna mti. Na programu hizo ni nyingi kama dawa za kupaka sokoni, kila moja inajisifu. Kazi ya Wakesho wiki ile ilikuwa kuchagua moja ya kufanyia kazi ya heshima, kazi inayoweza kupigwa redioni bila mtu kukunja pua.

Miwani alinunua. Mimi nikapata mahali pa kupumzika kila nikipita Voi.

Wakesho ni mtu wa Wusi, mashamba yale yaliyoning'inia mlimani. Mama yake, Mkamburi, yuko huko mpaka leo na ndizi zake. Alipokuwa msichana aliimba kwaya, mstari wa tatu, mpaka siku moja mwalimu wa kwaya, Mwalimu Silvanus, akamwita kando. "Wakesho, mwanangu, sauti yako ina kiburi, inawapita wenzako. Hebu shika huu waya wa maikrofoni, utatusaidia zaidi." Mwingine angelia. Yeye alishika waya. Toka kwenye waya akafika kwenye mashine. Akaanza kufuatana na watu wanaokodisha spika, harusi hii, mazishi yale, mikutano ya siasa, mpaka akawa anajua spika iliyochoka kwa kuiwekea mkono. Baadaye akasoma kompyuta, akapata kile chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, akakibandika magodoro ya zamani na trei za mayai ukutani, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: STUDIO.

Lakini kwaya za Taita haziingii kwake. Zinakwenda Mombasa, zinakwenda Nairobi.

"Wanapita hapa barabarani ndani ya basi wakiimba," aliniambia siku moja, bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Mimi nawasikia. Hata najua nani amekosea."

Mwaka huu Mwalimu Silvanus alikuja mwenyewe. Amestaafu ualimu wa shule lakini ualimu wa kwaya hauna kustaafu. Alikuwa ametunga wimbo wa kuingilia Sikukuu ya Mavuno, unaitwa Tunapanda na Mizigo. Miaka yote siku ile watu huanzia chini barabarani, wakapanda na mazao yao mpaka kanisani, na ngoma ziko ndani, walio nje hawasikii kitu. Mwaka huu alitaka wimbo unaswe kabisa, upigwe kwa spika kutoka mlangoni, kila mtu apande nao, wanakwaya wakiwemo, maana nao wana mashamba.

"Huu mmoja utafanya wewe," alimwambia. "Ukibeba watu mpaka madhabahuni, nyimbo zetu zote zilizobaki ni zako. Usipobeba, nimeshika nafasi Nairobi mwezi ujao. Sitaki unilaumu."

"Sitakulaumu, Mwalimu."

Alipotoka, Wakesho alikaa chini. Kwaya ya Wusi ndiyo inayotazamwa na kwaya nyingine. Ikibaki Voi, wengine watauliza mlango uko wapi. Ikienda Nairobi baada ya kumjaribu yeye, basi hata rangi ya bluu afadhali aifute.

Kumnasa Donald na ngoma za kweli haikuwezekana. Jirani kuna kinu cha kusaga mahindi, barabarani malori, na hata magodoro yakizuia kelele, mtetemo wao huzifanya ngoma zivume; tena zile ngoma za kanisa moja imepasuka ngozi, imezibwa kwa plasta ya kidonda. Kwa hiyo ni programu. Na zilizobaki kwenye mashindano zilikuwa tatu, ambazo Donald alikuwa amezipa majina.

Ya kwanza aliiita Bwana Harusi. Inachelewa kufika, ukiifungua unaweza kwenda kununua mandazi ukarudi. Lakini ikifika, lo! Inanukia. Ngoma ya mguu ina kifua, matuazi yanang'aa, na nyuma yake unasikia chumba kikubwa kama uwanja wa mpira. Tena ndani yake kuna midundo iliyopigwa tayari na wapiga ngoma hodari, wewe unachagua tu. Ubaya wake, ukitaka kuigonga mwenyewe kwa vidole, ile kompyuta ya Wakesho inazidiwa. "Ukigonga leo, anaitika kesho," alisema Donald.

Ya pili ilikuwa Karani. Safi, nyepesi, kila mdundo anaukalisha juu ya mstari wake wa kipimo hata kama hukutaka. Wakesho alimgonga mara nyingi mfululizo akatikisa kichwa. Mlio wa kwanza na wa mwisho ni pacha. Mtu wa kweli hawezi kupiga hivyo, mkono unachoka, fimbo inateleza. Na kila asubuhi Karani lazima aingie mtandaoni kuthibitisha kwamba amenunuliwa. Siku mtandao wa Voi umelala, Karani haji kazini.

Ya tatu ilikuwa Shemeji. Sauti yake ya kawaida, kavu kidogo, kama ngoma iliyopigwa sebuleni kwa mtu. Lakini anafunguka papo hapo, ukigusa anaitika, na anakubali utani wote: mvute nyuma, msukume mbele, mtilie sauti yako mwenyewe. Wakesho alinasa kayamba ya nyumbani akamtilia ndani, Shemeji akaipiga kana kwamba alizaliwa nayo.

"Shemeji ni mtu mzuri," Wakesho alisema, "lakini huwezi kumvalisha suti ukampeleka redioni."

Akachagua Bwana Harusi. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Alitaka mtu asikie wimbo ule asiseme, huu umetengenezwa Voi. Kwaya ikashuka kutoka Wusi, ikasimama mbele ya magodoro na madaftari mikononi, ikaimba na mdundo wa Bwana Harusi masikioni, vizuri kabisa. Mwalimu Silvanus alifunga macho mpaka mwisho, akasema, "Naam."

Wakesho akanitilia wimbo kwenye simu. "Babu, wewe unatembea. Nenda nao. Popote utakapofika, upige, halafu uniambie watu wamefanya nini. Wasichosema ndicho nataka."

Nikaenda nao. Pale Miasenyi, kando ya barabara kuu, kuna mama Mkamba anaitwa Nzilani anayewauzia madereva chai. Nikaweka simu juu ya meza. Bega lake likaanza kucheza kabla yeye mwenyewe kujua. Dereva mmoja akageuza kijiko akapigia kikombe.

"Huyu mpiga ngoma ni wa wapi?" Nzilani akaniuliza.

"Hakuna mpiga ngoma. Ni kompyuta."

"Mzee, uza miwani. Uongo waachie vijana."

Nilimpigia simu Wakesho nikamweleza yote, hata kijiko. Alicheka kwa furaha nikamsikia anamrudishia Donald maneno yangu. Siku hiyo tulijua kazi imekwisha.

Jumamosi, wiki moja kabla ya Mavuno, wakafanya jaribio kule Wusi, na mimi nilikuwa nimepanda kuuza miwani kwa walimu. Spika ziliwekwa mlangoni mwa kanisa zikitazama chini. Ukungu ulikuwa umeondoka, njia ilikuwa kavu. Kwanza watu walipanda mikono mitupu, wakicheza, Mwalimu anatikisa kichwa kwa raha. Ikawa nzuri mno. Kisha Mwalimu akasema, "Sasa kama siku yenyewe. Chukueni mizigo."

Wanawake wakaweka ngata vichwani. Huyu karai la mahindi, yule mihogo, yule kikapu cha maharagwe. Wanaume wakatia mikungu ya ndizi na miwa mabegani. Wimbo ukaanza.

Hawakufika mbali. Mstari wa mbele ulianza vizuri, halafu nikaona miguu inatafutana. Mama mmoja akaongeza hatua ili aupate mdundo, wa nyuma akamkanyaga kisigino. Miwa ikampiga mtu sikio. Mkamburi, mama yake Wakesho, aliyekuwa mbele kabisa, alisimama katikati ya njia, karai likayumba, mahindi yakaporomoka yakibingirika chini kama mbuzi waliofunguliwa.

"Hii ngoma inatukimbiza kama tumeiba!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Labda tumeiba. Maharagwe hayo yako ni ya nani?"

Wakacheka. Wakesho hakucheka. Alikimbilia kompyuta, akaupunguza mwendo wimbo. Wakajaribu tena.

"Sasa imekuwa mazishi," akasema mama mwenye mihogo. "Nani amekufa?"

Akauongeza kidogo. Akaupunguza kidogo. Hakuna kilichokaa. Mwendo uwe wa haraka au wa polepole, hapakuwa na tofauti; watu walikuwa wakijikwaa mahali pale pale. Mwalimu Silvanus alikuja akasimama karibu naye, mikono nyuma, sauti ya chini.

"Wakesho, mwanangu, umejitahidi. Wimbo ni mzuri wa kusikiliza. Tutauweka wa kusikiliza."

"Na wa kupandia?"

"Tutapiga makofi kama zamani."

"Nyimbo nyingine?"

Mwalimu akatazama milima. "Nairobi wananingoja niwajibu. Nikiwaambia hapana, nataka niwe na sababu, si huruma."

"Nipe leo tu," Wakesho akasema. "Mpaka jua lishuke. Watu wako hapa na mizigo iko hapa."

Mwalimu hakusema ndiyo, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi za kanisa akaanza kumenya muwa.

Wakesho akashuka njiani kumsaidia mama yake kuokota mahindi. Mkamburi alikuwa akikanda kiuno. Karai lilipojaa tena, Wakesho akasema, "Leta, nikupandishie." Akajitwika. Akapiga hatua kadhaa, akasimama. Akapiga tena, akasimama. Nilikuwa karibu, nikadhani limemlemea.

"Donald!" akaita bila kugeuza shingo. "Anzisha wimbo!"

"Mwendo upi?"

"Ule wa kwanza!"

Wimbo ukalia. Wakesho akapanda nao na karai kichwani, mkono mmoja juu, mwingine unapima hewa. Nikaona uso wake umekunjamana kama siku ile nilipomkuta anagonga kitufe. Alipofika mlangoni alilitua karai, akakaa juu ya ukingo wa ngazi, akaanza kucheka peke yake.

"Mama," akasema, "mara ya mwisho mimi kubeba mavuno ni lini?"

"Toka upewe waya," Mkamburi akajibu. "Siku zote uko na waya."

"Mwalimu, tumeimba Tunapanda na Mizigo tukiwa tumesimama Voi na madaftari tu mikononi. Mimi, Donald, wewe, kwaya yote. Hakuna hata mmoja wetu aliyebeba hata limau."

Mwalimu aliacha kutafuna. Akatazama muwa wake. Polepole akasema, "Hata mimi niliyeutunga, niliutunga nikiwa kwenye kochi."

Halafu Wakesho akaeleza, na mimi naandika vile nilivyoelewa. Mtu aliyebeba, mguu ukikanyaga, mzigo haujafika. Mguu unatua kwanza, kisha mzigo unatulia juu ya shingo, ndipo mguu wa pili unapata ruhusa. Kuna kimya kidogo pale katikati. Mpiga ngoma hodari wa Bwana Harusi alipiga mdundo wake mzuri katika chumba chake kizuri, na kile kimya hakukijua. Ngoma yake ya pili inaingia wakati shingo bado inangoja mzigo. Kupunguza mwendo hakusaidii, unachelewesha vyote pamoja. Kinachotakiwa kungoja ni ile ngoma ya pili peke yake, na ingoje kadiri ya mzigo.

"Nani anajua ni kadiri gani?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna anayejua. Itabidi apige mtu anayewatazama." Akageuka. "Donald! Lete Shemeji!"

Wanawake wakatazamana.

"Shemeji wa nani?"

"Wakesho, umeposwa hatujaambiwa?"

"Kama ana gari abebe hizi ndizi!"

Kompyuta ikawekwa juu ya dawati la shule ya Jumapili, chini ya ukingo wa paa, ikitumia betri. Donald akaunganisha kibao chake chenye vidude vya mpira vya kugonga kwa vidole. Bwana Harusi asingeweza kazi hii, mtu angekuwa amefika mlangoni ndipo yeye anaitika. Karani angeweza kuitika, lakini kila mdundo angeurudisha kwenye mstari wake, na leo hapakuwa na mstari. Shemeji alifunguka papo hapo. Donald akagusa, du, akaitika, du.

"Usitazame kompyuta," Wakesho akamwambia. "Tazama miguu ya mama. Usipige mpaka mzigo wake ukae."

"Nimepiga ngoma miaka yote hii," Donald akanung'unika, "leo naambiwa niangalie miguu ya wakwe."

"Nani mkwe wako?" Mkamburi akauliza kwa ukali. "Macho chini!"

Mara ya kwanza haikufaa. Wanawake walijua wanatazamwa, wakatembea kama wanaingia kupiga picha. Mara nyingine betri ya kibao ikalegea. Wakesho akawaambia wapande tu kama wanakwenda nyumbani, waongee wanavyotaka. Basi wakaanza kuongea, huyu anaulizia ng'ombe wa yule, yule analalamikia tembo walioingia shambani kwa dada yake kule chini, na miguu ikasahau kwamba inatazamwa. Donald naye akasahau kunung'unika. Nikaviona vidole vyake vinasubiri, vinasubiri, vinashuka. Du... ka. Du... ka. Mama mwenye mihogo, katikati ya maneno yake, akaanza kuimba. Wengine wakadakia. Mstari mzima ukapanda mpaka mlangoni bila mtu kumkanyaga mtu, na Mkamburi akapita mbele ya dawati hata hakutazama, anaimba, mkono hauko juu ya karai.

Wakesho aliinua kidole kumzuia Donald asiache. Walipanda hivyo mara kadhaa, kompyuta ikinasa, mpaka akatosheka.

Bado sauti. Zile za Voi zilikuwa zimeimbwa juu ya mdundo wa Bwana Harusi, hazikukaa tena. Ikabidi kwaya iingie kanisani kuimba upya, na Wakesho akasisitiza kila mtu ashike mzigo wake. Mwalimu Silvanus akaanza kuongoza kwa mikono miwili kama kawaida yake.

"Mwalimu, na wewe," Wakesho akasema.

"Mimi ndiye ninayeongoza!"

"Ndiyo maana."

Watu wakangoja. Mwalimu akavua koti, akalikunja juu ya benchi, akachukua mkungu wa ndizi akautia begani. Akaongoza kwa mkono mmoja, jasho likimtiririka, na kila alipotaka kuharakisha mkungu ulimrudisha. Nimesikia kwaya nyingi katika kuzunguka kwangu. Ile ya siku hiyo iliimba kama watu wanaojua wanakokwenda.

Juma lote Wakesho alikuwa chumbani kwake Voi anausafisha wimbo. Nilipita Jumatano. Alikuwa amejaribu kitu: ile midundo ya Donald, vile vile ilivyo, ameipa Bwana Harusi aipige kwa sauti zake nene. Inawezekana, kompyuta ikiwa haina haraka. Akanisikilizisha.

"Unaonaje?"

"Ni kubwa. Nzuri."

"Kile kimya kiko wapi?"

Nikasikiliza tena. Kimya hakikuwepo. Kile chumba kikubwa cha Bwana Harusi, ule mwangwi wake, ulikuwa umekijaza.

"Si mbaya," Wakesho akasema akiifunga ile programu. "Ana kazi yake. Siku nikipata bendi ya magitaa itakayopiga uwanjani nitamwita. Huku anazungumza pale mtu anapotakiwa kunyamaza." Akamrudisha Shemeji na sauti yake ya sebuleni. Akamwongezea kayamba kwa mbali. Akanitazama. "Redioni watasema ni kavu?"

"Mimi si redio, mwanangu."

"Nami sijui. Jumapili itasema."

Jumapili ilikuwa na jua la upole. Barabarani chini watu walijaa na mazao, hata watoto wameshika mahindi mawili mawili. Wakesho alisimama mlangoni karibu na spika, amevaa gauni lake la kijani, mikono ameificha chini ya leso. Kasisi akatoa ishara. Ngoma ikaanza. Du... ka.

Nilikuwa katikati ya mstari na kiroba cha viazi vitamu nilichopewa na mtu asiyenijua. Naweza kusema nilivyohisi. Mguu wangu ulikanyaga, kiroba kikanikalia begani, na papo hapo ngoma ikasema, haya, sasa. Sikuufuata wimbo, wimbo ulikuwa unanifuata mimi. Mbele yangu mabega yote yalikuwa yakishuka pamoja na kupanda pamoja. Hakuna aliyeharakisha. Bibi mmoja aliyekuwa akishikwa mkono na mjukuu aliuachilia ule mkono akapanda mwenyewe. Mkamburi aliongoza, na alipofika mlangoni, karai kichwani, alimpita binti yake bila kumtazama, kama siku ile kwenye jaribio. Halafu alipokwisha kumpita, nikamwona anatabasamu upande wa pili.

Mazao yakajaa mbele mpaka kasisi akakosa pa kusimama.

Baada ya ibada Mwalimu Silvanus alimkuta Wakesho anakunja nyaya. Akatoa simu, akaiweka karibu na macho, kisha akaisogeza mbali, akaniita nimpe miwani. Nikampa. Akatafuta jina, akapiga, akaongea mbele yetu.

"Hallo? Ndiyo, ni Silvanus wa kwaya ya Wusi. Ile nafasi yetu ya mwezi ujao mpeni mtu mwingine... Hapana, hakuna ubaya. Tumepata mahali... Voi... Ndiyo, Voi."

Akakata. Wakesho aliendelea kukunja waya ule ule uliokwisha kukunjwa.

"Wimbo wa pili ni wa harusi," Mwalimu akamwambia. "Wa kupeleka zawadi. Tuje lini?"

"Watu watakuwa wamebeba nini?"

"Vile vya siku zote. Sufuria, blanketi. Mara nyingi kuna godoro."

"Basi njooni navyo."

Mwalimu aliondoka na miwani yangu. Sikumkumbusha.

Nimepita tena Mwakingali juzi. Rangi ya bluu imepakwa upya. Nyuma ya mlango kuna karai la mahindi, dumu la maji na kikapu, na siku hiyo alikuwa amepigiwa simu na kikundi cha waimbaji wa Mboghoni, wakulima wa mpunga na vitunguu, nao amewaambia waje na gunia. Kwenye kompyuta kulikuwa na programu mpya ya nne, ya majaribio, Donald bado hajaipa jina. Wakesho ameigonga kwa upole, ameigonga kwa nguvu, amezima mtandao akaona bado inaamka. Imebaki jambo moja, kuijaribu na mzigo.

Donald akasimama akashusha godoro moja kutoka ukutani. Mara lori likaingia chumbani na mngurumo wake wote.

"Rudisha godoro!"

"Na wimbo wa harusi tutaujaribu na nini?"

Wakesho akafikiri, akalisikiliza lori mpaka likapita. Akanigeukia.

"Babu, weka miwani chini. Kabla lori lingine halijaja."

Nikatwikwa godoro. Lilikuwa refu kuliko mimi, linainama mbele na nyuma. Donald akaweka vidole juu ya kibao, macho kwenye viatu vyangu.

"Pole pole," Wakesho akasema. "Kama unalipeleka kwa bibi harusi."

Nikaanza kutembea.